Iliyothibitishwa, ya Kuaminika au Halisi? Kutafsiri Vivumishi vya Ukweli kutoka Kiingereza

Walimu wengi wanaofundisha tafsiri hapa Kampala watakubaliana nasi kwamba kuna kundi moja la maneno ya Kiingereza linalowatatiza wanafunzi, hata wale wa mwaka wa tatu. Si maneno magumu. Ni vivumishi vya kawaida vinavyopatikana katika kila gazeti: "proven", "confirmed", "verified", "reliable", "authentic", "valid", "certified". Vyote vinahusu kitu ambacho kimeonekana kuwa ni cha kweli, au kitu ambacho mtu anaweza kukitegemea. Mwanafunzi akikutana na chochote kati ya hivyo, aghalabu huandika "-a kweli" akaendelea mbele. "Confirmed report" inakuwa habari ya kweli, "authentic document" inakuwa hati ya kweli, "reliable source" inakuwa chanzo cha kweli, na "valid passport" inakuwa pasi ya kweli. Upatanisho wa kisarufi ni sawa kila mahali. Mwalimu hukosa hata pa kuweka wino mwekundu, ingawa anaona wazi kwamba maana imevuja.

Tumeamua kulijadili suala hili katika toleo hili kwa sababu limekwisha kutoka darasani. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Utekelezaji wake tutauzungumzia siku nyingine. La muhimu hapa ni kwamba wahitimu wetu wanaombwa kutafsiri matangazo ya afya, fomu za benki, vyeti na mikataba. Katika kazi hizo tofauti kati ya kitu kilichothibitishwa na kitu kinachoaminika inaweza kumgharimu mtu fedha, au uhai.

Kivumishi kimoja, maswali manne

Kiswahili hakina vivumishi vingi vya asili. Mwalimu anaweza kuviandika karibu vyote kwenye ubao mmoja: -zuri, -baya, -refu, -fupi, -kubwa, -dogo, -pya na wenzake. Pengo hilo lugha huliziba kwa njia nyingine. Iko ya maneno ya mkopo, hasa kutoka Kiarabu, yasiyochukua kiambishi cha ngeli: halisi, sahihi, thabiti, halali, rasmi. Iko ya kihusishi cha a-unganifu kikifuatwa na nomino au kitenzi-jina: -a kweli, -a uhakika, -a kuaminika, -a kutegemewa. Na iko ya kitenzi kirejeshi: iliyothibitishwa, iliyohakikiwa, inayoaminika.

Wanafunzi wengi huiona hali hii kuwa ni umaskini wa lugha. Sisi tunaona kinyume chake. Neno "proven" la Kiingereza halisemi nani alithibitisha, lini, wala kwa kutumia nini. Kitenzi kirejeshi cha Kiswahili hakiwezi kuandikwa bila kuchagua wakati (-li-, -na-, au kikanushi), na bila kuchagua kauli (kutendwa au kutendeka). Mfasiri analazimika kujua habari ambayo mwandishi wa Kiingereza aliruhusiwa kuiacha.

Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi wajiulize maswali kabla ya kuchagua neno. Je, Kiingereza kinazungumzia asili ya kitu, yaani kwamba ndicho chenyewe wala si mwigo? Kinazungumzia kulingana kwake na kanuni au sheria? Kinasema kuna mtu aliyekipima na kukikubali? Au kinasema tu kwamba watu wana sababu ya kukiweka moyoni na kukitegemea? Jibu la kila swali lina msamiati wake.

Halisi, sahihi, halali

Halisi linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kitu safi kisichochanganywa, na maana hiyo bado inasikika tunaposema asali halisi au dhahabu halisi. Hili ndilo neno la "authentic" na "genuine". Katika matangazo ya kazi ya Tanzania mwombaji hutakiwa kufika kwenye usaili na vyeti halisi, si vivuli vyake. Kinyume cha halisi ni bandia: noti bandia, dawa bandia, vipuri bandia. Neno bandia ndilo pia linalotumika kwa mwanasesere, mtoto wa bandia, na wanafunzi hufurahi wakiambiwa hivyo, kwa maana picha inajitokeza mara moja: kitu chenye sura ya mtoto lakini hakilii. Katika maduka ya Kikuubo wengi husema "feki" na "orijino", na Waganda watakuambia habari za "ebicupuli". Hatuna ugomvi na maneno ya mtaani, ila katika hati ya ofisi tunataka bandia na halisi.

Sahihi ni neno jingine kabisa. Kitu sahihi ni kile kinacholingana na kipimo: jibu sahihi, anwani sahihi, matamshi sahihi. Ndiyo maana mwalimu husahihisha madaftari. Hayafanyi yawe halisi, anayapima kwa kanuni. Noti bandia inaweza kuwa na tarakimu sahihi, na shairi halisi la mtunzi fulani linaweza kuwa na vina visivyo sahihi. Wasomaji Waislamu wanaijua tofauti hii kutoka uwanja mwingine: wataalamu wa hadithi za Mtume huzipima kwa mlolongo wa wapokezi wake, na iliyotimiza masharti huitwa hadithi sahihi, wakati iliyopungukiwa huitwa dhaifu. Hapo neno linabeba kazi yote ya uchunguzi iliyofanywa kabla ya kutamkwa. Isitoshe, Kiswahili kimelifanya neno hilo hilo kuwa nomino. Mtu hutia sahihi chini ya barua, na kwa kufanya hivyo anakubali kubeba dhamana ya yaliyoandikwa juu yake. Siku hizi saini inalisukuma sahihi pembeni kidogo, jambo tunalolisikitikia.

Halali ni neno la sheria. Hapa ndipo mahali pa "valid" mara nyingi zaidi kuliko wanafunzi wanavyodhani. Kura hugawanywa katika halali na zilizoharibika; mkataba huwa halali au batili. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilipoufuta uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti mwaka huo, Kiswahili hakikuhitaji maneno mengi: uchaguzi ulikuwa batili, umebatilishwa. Hakuna aliyesema kwamba uchaguzi haukuwa "wa kweli". Watu walipanga foleni kweli na walipiga kura kweli. Kilichokosekana ni uhalali.

Hata hivyo halali halifai kila mahali panaposemwa "valid". Tikiti ya basi ya jana haijawa haramu; muda wake umepita tu. Kwa pasi ya kusafiria ni heri kuandika "pasi ambayo muda wake haujaisha", ingawa ni maneno manne mahali pa moja. Na "valid argument" katika insha ni hoja yenye mashiko, si hoja halali, isipokuwa mtu anaandika kitabu cha mantiki.

Kuthibitisha: neno linalohitaji uangalifu kuliko yote

Tunafika kwenye kitenzi chenye kazi kubwa kuliko vyote. Thabiti ni kilichosimama imara: msimamo thabiti, ushahidi thabiti. Kutokana na shina lake tunapata thibitisha, yaani kukifanya kitu kisimame imara, kisitikisike tena. Hili ndilo neno la "confirmed", "certified", na mara nyingi "proven".

Mfano ulio karibu nasi ni wa Ebola. Tarehe 20 Septemba 2022 Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola inayosababishwa na virusi vya Sudan katika wilaya ya Mubende, baada ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda iliyopo Entebbe kupima sampuli. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023, hesabu ilikuwa wagonjwa 142 wa kundi la "confirmed", ambao 55 kati yao walifariki, pamoja na watu 22 wa kundi la "probable". Kulikuwa pia na wengi waliowahi kuwekwa katika kundi la "suspected" kabla ya kupimwa.

Kwa wataalamu wa afya hayo si maneno ya kupamba. "Confirmed" ni mtu ambaye maabara imekuta virusi katika sampuli yake. "Suspected" ni mtu mwenye dalili ambaye majibu yake hayajatoka. "Probable" ni wa katikati, na aghalabu ndiye mwenye habari ya kusikitisha zaidi: alikuwa na dalili, aliwahi kukutana na mgonjwa, kisha akafa na kuzikwa kabla mtu yeyote hajachukua sampuli. Hakuna maabara itakayomthibitisha tena. Mfasiri akiyaita makundi yote matatu "wagonjwa wa kweli wa Ebola" ameongeza idadi ya wagonjwa bila daktari kupima mtu. Akiwaacha wale 22 kwa sababu neno limemshinda, amewafuta watu ambao familia zao zinajua walivyokufa.

Tupendekeze nini basi? Kwa "suspected", wengine huandika mshukiwa. Hatulipendi hapa. Kwa msikilizaji wa redio wa Afrika Mashariki mshukiwa ni mtu aliyekamatwa na polisi, na mgonjwa anayeogopa kuitwa hivyo anaweza kujificha nyumbani. Tanzania neno mhisiwa limeanza kutumika katika taarifa za afya, na ni jema, kwa kuwa kuhisi hakubebi lawama. Tunaweza pia kusema kwa urefu: mtu anayehisiwa kuwa na Ebola. Kwa "probable" tunapendekeza "anayeelekea sana kuwa alikuwa na Ebola", na mara ya kwanza neno linapotokea katika taarifa, maelezo mafupi yaongezwe kwamba sampuli haikupatikana. Tafsiri inarefuka, ndiyo, lakini msomaji anaelewa.

Kwa "confirmed case" wanafunzi huandika "mgonjwa aliyethibitishwa". Tafsiri hii inatumika sana, ila ina kasoro moja. Mtu anayethibitishwa, katika Kiswahili cha ofisini, ni mfanyakazi aliyemaliza kipindi cha majaribio: amethibitishwa kazini. Mgonjwa hathibitishwi katika ugonjwa kana kwamba amepandishwa cheo. Kinachothibitishwa ni maambukizi yake. Tuseme "mtu aliyethibitika kuwa na Ebola", au "mtu ambaye maambukizi yake yamethibitishwa na maabara".

Lipo tatizo la pili, nalo ni la matamshi. Luganda haina sauti th wala dh za Kiswahili, na wanafunzi wengi wanaozungumza Luganda huzitamka kama s na z. Wakati mwingine sauti hizo mbili huchanganyikana hata katika maandishi. Sasa tazama sentensi hizi mbili:

Ugonjwa umethibitishwa Kampala.
Ugonjwa umedhibitiwa Kampala.

Ya kwanza inasema umeingia. Ya pili inasema umezuiwa, uko mikononi mwa waliopewa kazi ya kuuzima. Zote mbili zilikuwa za kweli katika mwaka mmoja: tarehe 30 Januari 2025 ilitangazwa kwamba Ebola imethibitishwa hapa jijini, na tarehe 26 Aprili 2025 mlipuko huo ukatangazwa kwisha. Mtangazaji aliyesoma kitenzi kimoja mahali pa kingine angekuwa amewaambia watu watoke majumbani siku ambayo walipaswa kuchukua tahadhari kubwa kuliko zote. Mazoezi ya jozi thibiti na dhibiti, dhamini na thamini, yanafaa kufanywa kwa sauti, tena mara nyingi, tangu muhula wa kwanza.

Wakati wa kitenzi nao uangaliwe. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya mlipuko uliohisiwa kuwa wa Marburg katika mkoa wa Kagera, Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa kusini. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mjini Dodoma kwamba sampuli moja imekutwa na virusi hivyo. Katika siku zile sita habari haikuwa imethibitishwa, lakini pia haikuwa ya uongo. Kiswahili kina umbo maridhawa la hali hiyo: haijathibitishwa. Kiambishi -ja- kinasema kazi bado inaendelea. "Haikuthibitishwa" ingedokeza kwamba kazi imekwisha na hakuna kilichoonekana. "Haithibitiki" ingesema kwamba hata tukitafuta hatutapata. Kiingereza huyabana yote hayo katika "unconfirmed". Mwanafunzi anayeijua -ja- vizuri ana chombo ambacho mwandishi wa Kiingereza hana.

Kutendwa na kutendeka

Umbo haithibitiki linatuleta kwenye kauli ya kutendeka, ambayo kwa maoni yetu haifundishwi kwa kina cha kutosha. Kiambishi -ik- (au -ek-) hufanya kazi mbili. Kikiambatana na -me- huonyesha hali iliyokwisha kufikiwa: kikombe kimevunjika, imethibitika. Kikiambatana na -na- au hu- huonyesha aghalabu uwezekano: kitabu hiki kinasomeka, dai hili linathibitika. Kwa hiyo "imethibitika" inakaribia "proven", na "inathibitika" inakaribia "provable". Herufi chache tu zinatenganisha jambo lililokwisha na jambo linalowezekana.

Tofauti nyingine ni ya mtenda. Kauli ya kutendwa inamruhusu mtenda atajwe: imethibitishwa na maabara, imethibitishwa na wakili. Kauli ya kutendeka haimtaki. "Imethibitika na daktari" si Kiswahili kizuri, sawa na "kikombe kimevunjika na mtoto". Waandishi wa habari wanalijua hilo, na wengine hulitumia kama maficho. "Imethibitika kwamba waziri alihusika" ni sentensi inayotisha, lakini nani kathibitisha? Mwanafunzi akiona umbo hilo katika matini anayotafsiri, atafute mtenda katika aya za juu. Asipompata, asimbuni, aache -ik- ifanye kazi yake.

Wanafunzi wa Uganda hawana sababu ya kuuona mfumo huu kuwa mgeni. Luganda ina kwesiga, kuamini mtu na kumtegemea, na kutokana nayo kwesigika, kuwa mtu wa kuaminika. Ni -ik- ile ile. Jina Mwesigwa linalojulikana sana magharibi mwa Uganda lina -w- ya kutendwa. Walimu wanaopenda kulinganisha lugha wanaweza kuanzia hapo, kisha waende kwenye aminiwa na aminika: anayeaminiwa ni yule ambaye watu wanamwamini, hata kama ni tapeli, anayeaminika ni yule anayestahili kuaminiwa. Matapeli wote waliofanikiwa waliaminiwa. Kwa "reliable source", basi, tuandike chanzo cha kuaminika, au kama wasemavyo watangazaji wa redio, duru za kuaminika.

Lakini "reliable" si kuaminika siku zote. Mwanafunzi anayeandika "umeme wa kuaminika" anaonyesha kwamba amepita kwenye kamusi bila kupita sokoni. Watu husema umeme wa uhakika, maji ya uhakika, kipato cha uhakika, usafiri wa uhakika. Gari ni imara au halisumbui. Fundi ni wa kutegemewa. Rafiki ni wa kweli, na hapo ndipo neno kweli linapopata makao yake halali.

Kosa linalojitokeza katika tasnifu nalo tulitaje. Mtafiti anayeandika kwa Kiswahili anatakiwa aeleze "reliability" na "validity" za zana zake za utafiti. Wapo wanaoandika "uaminifu wa hojaji". Uaminifu ni sifa ya moyo. Mke, mtumishi na mtunza hazina wanaweza kuwa waaminifu, hojaji haiwezi. Zana inayotoa matokeo yale yale kila inapotumiwa ina uthabiti. Zana inayopima kile hasa ilichokusudiwa kupima, wengine wanasema ina uhalali na wengine usahihi. Sisi tunaelekea upande wa usahihi, kwa kuwa hakuna sheria iliyovunjwa na hojaji mbaya, lakini tunajua wenzetu wa vyuo vingine wana hoja zao.

Kuhakiki na kuhakikisha

Wanafunzi wa fasihi hukutana na neno uhakiki mapema: uhakiki wa riwaya, uhakiki wa ushairi. Nje ya darasa la fasihi neno hilo lina maisha mengine. Mwezi Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea mjini Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, iliyoonyesha watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki huo haukuwa wa kutafuta dhamira na taswira. Ulikuwa wa kulinganisha cheti alichonacho mtu na kumbukumbu za mamlaka iliyokitoa. Hii ndiyo maana ya "verified": kitu kimelinganishwa na chanzo chake. Cheti kilichohakikiwa kinaweza kuonekana halisi au cha kughushi. Kuhakiki ni kitendo, wala hakuahidi matokeo. Kuthibitisha kunaahidi.

Hivyo "verified and confirmed" si maneno mawili ya maana moja yaliyowekwa kwa mbwembwe. Ni hatua mbili: taarifa zimehakikiwa, kisha zikathibitishwa. Ibara ya 86 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka mfumo wa kupiga kura uwe, miongoni mwa sifa nyingine, "accurate" na "verifiable". Kwa maneno yetu: uwe sahihi na uweze kuhakikiwa. Ukiandika "uwe wa kweli na wa kuaminika" umeiondoa haki ya mpiga kura ya kuomba hesabu ziangaliwe upya, ukamwachia imani peke yake.

Kuhakikisha ni jambo tofauti, ingawa wanafunzi hulichanganya kila mwaka. "Hakikisha mlango umefungwa" ni agizo la kufanya jambo liwe. "Hakiki majina yaliyo kwenye orodha" ni agizo la kuangalia kama yako vile yanavyodaiwa kuwa.

Ithibati

Neno la mwisho ni ithibati, la shina moja na thibitisha, ambalo limepata kazi maalumu: idhini ya chombo kinachotambuliwa. Vyuo vikuu Tanzania hupewa ithibati, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutoa ithibati ya lugha kwa vitabu vya shule. Hilo lina mizizi mirefu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1930, na iliyojumuisha Uganda pamoja na Kenya, Tanganyika na Zanzibar, ilikuwa na jukumu la kuvipitia vitabu na kuvikubali kabla havijafika shuleni. Mwaka 1952 makao ya kamati hiyo yalihamia hapa Makerere, yakakaa karibu miaka kumi kabla ya kuondoka. Wanafunzi wanaodhani Kiswahili sanifu ni mali ya Dar es Salaam na Zanzibar pekee wakumbushwe kwamba kuna kipindi ambapo mihuri yake iligongwa kwenye kilima hiki.

Ithibati inatusaidia pia na "proven" katika habari za dawa. Mlipuko wa Mubende ulipotokea hakukuwa na chanjo yenye ithibati dhidi ya virusi vya Sudan. Tarehe 3 Februari 2025, siku nne tu baada ya mlipuko wa Kampala kutangazwa, majaribio ya chanjo moja yalianza hapa jijini. Hiyo ilikuwa chanjo ya majaribio. Haikuwa bandia, haikuwa haramu, na waliokubali kuchanjwa hawakudanganywa. Ila ufanisi wake ulikuwa haujathibitishwa. Mwandishi aliyeiita "chanjo halisi ya Ebola" alisema kitu kimoja, na aliyeiita "chanjo iliyothibitishwa" alisema kingine kabisa, ambacho madaktari wenyewe hawakukisema.

Kwa walimu wanaotaka zoezi la darasani, tunapendekeza taarifa ifuatayo. Wanafunzi waigawane kwa makundi, wabadilishe kila neno kweli mahali linapostahili kubadilishwa, na kila kundi litetee uchaguzi wake mbele ya mengine:

"Wizara imetoa habari ya kweli kuhusu wagonjwa wa kweli watano. Majibu ya kweli yalitoka Entebbe jana. Wananchi wanunue dawa za kweli katika maduka yenye leseni za kweli, na wasikilize vyanzo vya kweli tu."

Tulipolijaribu zoezi hili, makundi hayakukubaliana kuhusu majibu ya kweli. Kundi moja lilitaka majibu sahihi, jingine majibu yaliyothibitishwa, na la tatu likasema neno lifutwe kabisa kwa kuwa maabara haitoi majibu ya aina nyingine. Mjadala ulipita muda wa kipindi.